Mlimo Upo

Msimamizi wetu alikuwa hakubali jibu la "nipo tu." Unarudi mchana umechoka, vumbi la Ipuli, hapa Tabora, limekuingia mpaka kwenye meno, yeye anachukua kishikwambi chako na kupekua kaya moja baada ya nyingine. Akikutana na mtu uliyemwandika hana kazi, anakuuliza: "Alisemaje? Nataka maneno yake." Ukimwambia alisema yupo tu, umekwisha.

"Hakuna binadamu aliyepo tu," anasema. "Kuna anayeuza vitumbua, kuna anayefua nguo za watu, kuna anayelala. Huyu ni yupi? Rudi ukamuulize."

Na unarudi.

Nilikuwa mdadisi chini yake kwa misimu mingi. Mdadisi ndiye yule anayepiga hodi na kukuuliza mnaishi wangapi humu, nani amesoma mpaka wapi, nani anafanya shughuli gani. Msimamizi ndiye anayemfuata nyuma kuhakikisha hakukaa kwenye kijiwe cha kahawa akajijazia majibu mwenyewe. Mjini wengi walimwita Mama Takwimu, naye hakulipenda jina hilo. Alisema takwimu hazina mama, ndiyo maana kila mtu anazipiga. Sisi tulimwita Msimamizi, na hata leo, miaka imepita, nikimkumbuka halinijii jina lingine.

Niseme mapema jambo ambalo watu hawalijui. Sisi tuliotumwa kuwahesabu wasio na ajira tulikuwa wenyewe hatuna ajira. Tulikuwa nayo kwa hizo wiki chache za utafiti, kisha tunarudi nyumbani kusubiri mwingine, na anayeamua utaitwa au hutaitwa ni yeye. Nilimpenda yule mama, lakini pia nilimwogopa, na ninyi mtakaosoma habari hii msisahau hilo la pili.

Alikuwa mwembamba, wa raba nyeupe zilizopigwa chaki na mwavuli mweusi, na penseli kwenye nywele hata baada ya vishikwambi kuletwa na penseli kukosa pa kuandikia. Jumapili aliimba sauti ya pili kwenye kwaya ya Wamoravian, na wenzake wa kwaya walilalamika kwamba alikuwa anahesabu mapigo kwa sauti. Hakuwahi kuchelewa. Hakupokea hata glasi ya maji kwenye kaya ya watu, na alitukataza sisi pia, maana alisema ukinywa chai ya mtu utaona haya kumwandika alivyo.

Kanuni zenyewe alizijua kama sala. Kanuni kubwa ilikuwa ya saa moja: mtu akifanya kazi ya kumpatia malipo au faida, hata kwa saa moja tu katika siku saba zilizopita, huyo kwa dodoso ana ajira. Saa moja. Umebeba gunia moja sokoni Jumatatu ukalala mpaka Jumapili, una ajira. Watu wakisikia redioni kwamba wasio na ajira nchini ni wachache, wanatukana, nami nawaelewa, kwa sababu hakuna aliyewaeleza saa hiyo moja. Yeye alikuwa anaeleza. Mtu akimfokea njiani kwamba takwimu zenu za uongo, alisimama, akafunga mwavuli, akaeleza, na wakati mwingine alitumia nusu saa kumweleza mlevi.

Kulikuwa na jambo jingine lililompa shida kuliko kanuni, nalo ni neno.

Ukimuuliza mtu wa kwetu kwa Kiswahili, "Una kazi?" anafikiria ofisi, mshahara, kitambulisho kinaning'inia shingoni. Atakujibu hana, hata kama ametoka shambani na jembe bado lina udongo. Ukimuuliza kwa Kinyamwezi kama ana mlimo, atakucheka, maana mlimo ni kila kinachofanywa na mikono: kulima, kuchota maji, kukata kuni, kumwogesha mtoto. Nani hana mlimo? Kwa hiyo kijiji hicho hicho, siku hiyo hiyo, ukikiuliza kwa Kiswahili hakina mwenye kazi, ukikiuliza kwa Kinyamwezi hakina asiye nayo. Msimamizi alitufundisha jambo hili kila msimu, siku ya kwanza ya mafunzo, kabla hata ya kutugawia kalamu.

"Someni swali lote kama lilivyoandikwa," alisema. "Mkilazimika kutafsiri, tafsirini sentensi nzima. Anayetafsiri neno moja anaandika uongo na mwenyewe hajui."

Mimi nilifundishwa hilo kwa kurudishwa. Ziba, kule Igunga, nilimwandika mzee mmoja hana kazi kwa sababu alinijibu, "Mimi sina kazi, nina ng'ombe." Niliona jibu zuri, nikasonga mbele. Msimamizi alipolisikia hakunipigia kelele. Alinipa nauli ya bodaboda na kunielekeza niende nikamsomee mzee yule sentensi yote. Nilifika jua la saa nane, nimenuna, na mzee aliponiona alisimama kwa furaha: "Umerudi? Kwani kazi yangu imepatikana?" Nilicheka mpaka chozi likanitoka, na baadaye, nikiwa nyuma ya bodaboda, sikuona tena cha kuchekesha.

Lakini msidhani alikuwa jiwe. Siku moja kijijini Ntalikwa nilimtafuta nikamkosa, nikamkuta nyuma ya nyumba ya bibi mmoja wanapukuchua mahindi wawili, dodoso liko kando juu ya kinu. Bibi alikuwa amesema hawezi kujibu maswali mikono ikiwa imekaa. Msimamizi alinikazia macho. "Na wewe usiandike saa zangu," akasema. Bibi hakuelewa, mimi nilielewa, na huo ndio utani pekee ninaoukumbuka kutoka kwake uwandani.

Kwa nini aliipenda kazi ile? Nilimuuliza tukiwa garini, na ilikuwa mara chache tupate jibu la moyoni. Alisema njia hii ya kutoka pwani kwenda Ujiji ilipitisha wapagazi wasiohesabika, na kila mzigo wa pembe za ndovu ulipimwa uzito wake na kujulikana ni wa nani, ila waliobeba hakuna aliyewaandika. "Pembe zina kumbukumbu, watu hawana," alisema. "Mimi naandika watu." Kisha akaona haya kwa kusema maneno makubwa, akaanza kutukagua kama tumechaji vishikwambi.

Alikuwa na mtoto wa mwisho, kitindamimba, wa kiume. Alisomea ualimu wa kemia, akafaulu vizuri, akarudi Ipuli kusubiri kuajiriwa, na kusubiri kwenyewe kukaenda miaka minne. Mimi nilimjua kwa kuwa nilipitapita pale nyumbani kupeleka fomu. Alikuwa mtaratibu, mwenye maneno machache na ya kuchoma. Nikimuuliza habari za kutuma maombi ananijibu, "Natuma dada, wanapokea, hakuna shida." Mama yake hakumsema mbele yetu hata mara moja, kwa wema wala kwa ubaya. Nasi hatukuuliza.

Kisha ukaitishwa ule mkutano wa kata. Mtaalamu mmoja alikuja kueleza hali ya ajira, na baadaye yakafunguliwa maoni kuhusu fao la kukosa ajira: nani alipwe, kwa muda gani, na kama wale ambao hawajawahi kuajiriwa nao wafikiriwe. Ukumbi ulijaa. Mtaalamu aliposoma kiwango cha wasio na ajira, vijana wa nyuma walicheka kicheko cha wazi, na mmoja akauliza kama hiyo ni ya Tabora au ya Ulaya. Mwanamke aliyepunguzwa kwenye ghala la tumbaku alisema yeye fao amepata kwa miezi michache kwa kuwa alichangia, lakini wanawe hawapati kitu. "Wanangu hawajapoteza ajira," alisema, "kwa sababu hawajawahi kuwa nayo. Mtu atapotezaje asichokuwa nacho?" Mzee wa Kihindi mwenye duka la vitambaa, mtu mpole anayejulikana na mji mzima, alisimama akasema kwa Kiswahili chake safi cha Tabora kwamba yeye hapingi, ila anaogopa: ukimlipa mtu kwa kukaa, nani atakuja kushusha marobota yake? Akazomewa kidogo, akaketi anatabasamu.

Msimamizi wetu akanyanyuka. Alieleza saa moja, alieleza siku saba, alieleza tofauti ya kukosa ajira na kukosa ajira ya kutosha, na akamaliza kwa kusema kwamba huwezi kupanga kuwalipa watu ambao hujui wako wangapi. "Tuhesabu kwanza," alisema. "Tuhesabu vizuri, kisha tubishane."

Sauti ikatoka upande wa madirisha. "Mama, tangu nimalize chuo mnahesabu. Mimi mmeshanihesabu?"

Watu walipiga makofi na miluzi. Wengi hawakujua kwamba ile "Mama" haikuwa ya heshima tu. Mimi nilijua, nikageuka kumtazama Msimamizi. Aliketi, akachomoa penseli kwenye nywele, akairudisha.

Mwaka huo huo utafiti ukaja, na kaya za kuhojiwa zikachaguliwa kwa bahati nasibu kama kawaida. Nyumba yake ikatokea. Yeye mwenyewe alinipigia simu asubuhi. "Kaya yangu imo. Msimamizi hajihoji. Utakuja wewe, na utanihoji kama unavyohoji mtu yeyote." Nilifika nimevaa kitambulisho, nikapiga hodi kama mgeni, nikasema shikamoo, naye akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliyeanza kufanyiwa mtihani.

Yeye alijibu maswali yake vizuri, akinisubiri nimalize kusoma hata pale alipojua neno litakalofuata. Kisha akamwita kijana. Alikuja na kigoda, akaketi, akaweka mikono magotini. Mama yake hakuondoka. Alipaswa kuondoka, maana kila mtu huhojiwa peke yake, na mimi nilipaswa kumwambia aondoke, na hakuna aliyefanya alichopaswa.

Hapo ndipo penye kosa langu, na nimelizungusha kichwani mara nyingi kuliko nilivyozungusha kitu kingine maishani. Hewa ya mle ndani ilikuwa nzito. Niliwaona wote wawili wananitazama, nikataka kupunguza ule uzito, nikajifanya mcheshi. Badala ya kusoma sentensi, nikamuuliza kwa mtindo wa kinyumbani, "Haya mwalimu, mlimo upo hapa?"

Akacheka, maskini. "Mlimo upo dada, hauishi. Mama hakosi cha kunituma."

Kidole changu kikabonyeza Ndiyo.

Kishikwambi hakina utani. Ukibonyeza Ndiyo kinataka kujua kazi gani, saa ngapi kwa wiki, anamfanyia nani. Nilipaswa kurudi nyuma. Ni kubonyeza mara moja tu, unarudi, unasoma swali lote, kijana anajibu hapana, unaendelea na maswali ya kutafuta kazi, ambayo angeyajibu hata usingizini. Niliinua macho kwa Msimamizi. Mwanamke aliyenirudisha Ziba kwa jibu la ng'ombe alikuwa amesikia kila kitu. Nilisubiri aseme rudi.

"Ananisaidia bustani," akasema. "Mchicha ule pale nje. Tunauza."

Mchicha ule nilikuwa nimeula. Jirani zake wote walikuwa wameula. Haukuwahi kuuzwa hata fungu moja, ulikuwa tuta dogo tu kando ya bomba, ukizidi anaugawa. Nikaandika: bustani ya mboga. Nikauliza saa ngapi kwa wiki, naye akajibu, si kijana, "Saa mbili, weka mbili." Nikaweka mbili.

Kijana alikuwa hacheki tena. "Umeniandika nini?"

"Majibu ni siri," nikasema, jambo ambalo ni kweli lakini siyo kwa mwenye majibu.

"Ni yangu. Umeniandika nini?"

"Una ajira," nikamwambia. "Ya bustani."

Akamgeukia mama yake. Hakupandisha sauti, na ingekuwa afadhali angepandisha. "Mama. Mimi nina kazi?"

"Kwa kanuni," alisema Msimamizi, akiangalia mikono yake, "unayo."

Kijana akanyanyua kigoda chake, akatoka. Nilimaliza sehemu ya vifaa vya nyumbani, redio, baiskeli, aina ya paa, nikaaga. Jioni nilituma kazi ya siku, na Msimamizi akaithibitisha bila kurudisha kaya hata moja.

Kabla utafiti haujaisha, kijana alifunga begi. Jirani aliyekuwa anafagia uwanja asubuhi ile alinisimulia: alimwona anaelekea stesheni, akamuuliza wapi mapema hii, naye akajibu, "Naenda kazini." Jirani akampongeza. Alikwenda akawaambia wengine kwamba hatimaye mwalimu kapata, na kwa siku mbili tatu watu wa Ipuli walimpa Msimamizi hongera, naye alizipokea.

Msimu uliofuata niliitwa, na uliofuata pia. Sitajidai kwamba sikujua kwa nini. Kisha mimi mwenyewe nikaacha, nikafungua kibanda cha kuchapa na kudurufu karibu na sokoni, na kazi yangu sasa ni kuchapa barua za maombi ya kazi za watoto wa watu. Najua maelezo binafsi ya nusu ya vijana wa mji huu. Wakitoka na bahasha zao nawatakia heri, na kila ninapomwona mwenye sauti ya utaratibu nafikiria yule. Ningemwachia angalau hilo dogo aliloliomba, kwamba ahesabiwe alivyo. Sikumpa.

Msimamizi alistaafu akahamia Ntalikwa, kwenye kijishamba. Sikwenda kumwona. Nilikuwa na sababu nyingi, zote za uongo. Kiangazi hiki alinitumia salamu kupitia mwanakwaya mmoja: mwambie yule binti aje, nina jambo la kikazi.

Nilimkuta nje, ameketi kwenye mkeka, anakata viazi vitamu vya kuanika vikauke viwe michembe. Nywele zimekuwa nyeupe, raba zimekuwa kandambili. Nikasema shikamoo mama, akaitikia, akanisogezea kisu cha pili, na tukakata viazi muda mrefu tukizungumza habari za mvua na za kwaya. Kijana sikumuulizia. Yeye ndiye aliyeanza.

"Simu yake haipatikani. Mara ya mwisho mtu alimwona Mpanda. Mwingine anasema Kahama, kwenye machimbo. Mwingine anasema si yeye." Alikata kiazi, akakipanga. "Siku ile nilikusikia ulivyomuuliza."

"Najua, mama."

"Ningekurudisha. Nimerudisha watu kwa kosa dogo kuliko lile. Lakini nilitaka mahali pamoja, pamoja tu, paandikwe mwanangu ana kazi. Nikasema itakuwa siri, haitamdhuru mtu."

"Na mimi nilijua mchicha hamuuzi," nikasema.

Akaacha kukata. "Ulijua?"

"Nilijua. Niliogopa utaniacha msimu unaofuata."

Sikuona hasira usoni mwake, ingawa niliitaka. "Kumbe tulikuwa wawili," akasema. Machozi yalinitoka pale pale, na sikuyaficha. Hakunibembeleza. Alinisubiri nimalize, kama alivyokuwa anasubiri mdadisi atafute kalamu.

"Nimekuita tuirudie," akasema. "Kaya yangu ilihojiwa vibaya. Haitasaidia kitu, najua, vitabu vimefungwa. Ila sitaki nife nayo hivyo. Una karatasi?"

Kwenye mkoba nilikuwa na barua ya maombi iliyoharibika wakati wa kuchapa. Nikaigeuza upande mweupe. Akanipa penseli kutoka kwenye nywele, akajiweka sawa kwenye mkeka, akafuta mikono kwa kanga. Nilianza mwanzo kabisa, sikuruka, nikasoma sentensi yote kama nilivyoikumbuka.

"Kwa kawaida, kaya hii ina watu wangapi wanaoishi na kula pamoja?"

"Wawili," akasema.

Nikaandika wawili. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kwa swali la pili aliponizuia kwa mkono. Alitazama viazi vilivyoanikwa, akatazama mlango wa nyumba, kisha karatasi yangu.

"Futa," alisema. "Andika mmoja."